Kupitisha kebo za umeme kwenye ukuta wa nguzo za chuma: mwongozo kamili

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii husimulia kisa kilekile. Ukuta umesimama, bodi za jipsamu zimefungwa, rangi imekauka na soketi zinafanya kazi. Baada ya wiki kadhaa breka inaanza kujikata bila sababu inayoonekana, au mtu anagusa kichwa cha skrubu ukutani na mkono unamsisimka. Ukuta ukifunguliwa, kosa huwa moja kati ya mawili: kebo imechanwa na ukingo wa tundu la bati, au imetobolewa na skrubu ya bodi. Mara nyingi jeraha lilitokea siku ileile ya kazi, na hakuna aliyelipima.

Fundi aliyezoea kuta za mbao huingia hapa na mazoea yake. Mbao haina makali wala haipitishi umeme kirahisi. Nguzo ya chuma ya ukuta wa kawaida wa ndani ni bati la unene wa nusu milimita hadi karibu milimita moja, na ukingo wake ni kisu. Isitoshe, nguzo zote zimeunganishwa na reli za juu na chini kwa skrubu za chuma, kwa hiyo waya ukigusa nguzo moja, ukuta mzima unaweza kubeba umeme.

Sehemu nyingi sheria inataka kazi ya umeme ifanywe au ikaguliwe na fundi mwenye leseni. Uliza kwanza. Kuvuta kebo unaweza kujifunza hapa, lakini kuunganisha kwenye meni swichi mwachie mwenye leseni.

Vifaa

- Kebo yenye koti la nje. Nyaya moja moja zisizo na koti hazipiti hivihivi ndani ya ukuta huu, lazima ziingie kwenye bomba la waya.
- Bushi za plastiki, yaani pete za kufunika ukingo wa tundu, moja kwa kila tundu, pamoja na ziada. Pima kipenyo cha tundu kabla ya kununua, maana bushi inayolegea ni sawa na kutokuwa nayo.
- Maboksi ya kufunga kwenye nguzo za chuma, na skrubu fupi zenye ncha ya kujitoboa.
- Mabamba ya chuma ya kukinga kebo, unene wa milimita 1.6.
- Vishikizo vya kebo: klipu za nguzo za chuma au kamba za plastiki za kukaza.
- Drili, biti ya ngazi (ile inayonenepa hatua kwa hatua), tupa ya mviringo na mkasi wa bati.
- Futi, pima maji na kalamu ya wino.
- Kipima volti chenye ncha mbili, malti mita, na mita ya kupima insulesheni (ganda la kuhami waya) kwa volti 500. Hiyo ya mwisho kama huna, azima. Bila hiyo usifunge bodi.
- Glavu ngumu na miwani ya kukinga macho.

Kuhusu ukubwa wa kebo, jambo moja husahaulika. Ukuta wa aina hii mara nyingi hujazwa pamba ya kuzuia joto na sauti, na kebo iliyozungukwa na pamba haipoi. Kwenye majedwali ya Uingereza, kebo bapa ya milimita za mraba 2.5 iliyobanwa juu ya ukuta inabeba ampea 27. Ikizungukwa na pamba pande zote, inabaki na ampea 13.5, yaani nusu. Kama ukuta wako utawekwa pamba, chagua kebo na breka kwa hesabu hiyo, au laza kebo iguse bodi upande mmoja ipate pa kupoteza joto.

Hatua ya 1: Zima umeme na uhakikishe

Zima breka, ifunge kwa kufuli au ibandike karatasi ya onyo, na mwambie kila aliye ndani ya jengo. Kisha jaribu kipima volti chako mahali unapojua pana umeme, pima mahali pa kazi, halafu rudi ukijaribu tena pale pa kwanza. Safari hiyo ya tatu ndiyo watu huiruka. Kipimo kilichoharibika katikati ya kazi kitakuonyesha kwamba hakuna umeme hata pale ulipo.

Kalamu ya kugundua umeme bila kugusa haitoshi kwa kazi hii.

Hatua ya 2: Chora njia kabla ya kutoboa

Kebo itoke kwenye soketi au swichi ikienda wima au mlalo, moja kwa moja. Isikate ukuta mshazari hata kama njia hiyo ni fupi zaidi. Mtu atakayetundika rafu miaka kumi ijayo hataiona kebo, ataiona soketi tu, na atakisia kwamba kebo iko juu yake, chini yake au pembeni yake kwa mstari ulionyooka. Mfanye akisie sawasawa.

Nguzo nyingi huja na matundu tayari kutoka kiwandani. Yatumie. Kama bado nguzo hazijasimamishwa, hakikisha zote zinakatwa upande mmoja na kusimama kwa mwelekeo mmoja, ili matundu yalingane. Chuchumaa mwanzo wa ukuta uchungulie: ukiona mwanga kupitia matundu yote hadi nguzo ya mwisho, njia yako ni nzuri. Nguzo moja ikiwa imepinduliwa kichwa chini, igeuze sasa.

Kebo ya umeme isipite tundu moja na bomba la maji. Kebo za intaneti na simu nazo ziwe na matundu yake, na zinapokutana na ya umeme zikatishe kwa pembe mraba.

Hatua ya 3: Toboa pale penye upungufu tu

Iangalie nguzo kwa makini. Ina umbo la herufi C: mgongo mpana, mabawa mawili ambayo bodi hufungwa juu yake, na midomo midogo iliyokunjwa kwa ndani. Tundu huwekwa kwenye mgongo, katikati kabisa. Bawa halitobolewi kwa ajili ya kebo wala halikatwi, maana ndilo linaloipa nguzo nguvu ya kusimama bila kupinda.

Upana wa tundu usizidi nusu ya upana wa mgongo. Kaa mbali na ncha za nguzo, angalau milimita 250, na kati ya tundu na tundu acha milimita 600. Kama ukuta unabeba uzito wa paa au ghorofa, simama hapo hapo umwite mhandisi, kwa sababu nguzo hizo zina masharti yake.

Biti ya ngazi ndiyo rafiki wa kazi hii. Izungushe polepole na uikandamize kwa uthabiti. Ukikimbiza drili, biti hupata moto na kupoteza makali kabla hujamaliza nguzo tano. Karibu na mwisho wa kila ngazi bati hung'ata ghafla na drili hutaka kuzunguka na mkono wako, kwa hiyo ishike kwa mikono miwili.

Ukimaliza, piga tupa ukingo pande zote mbili za tundu. Upande wa nyuma ndio mbaya zaidi, maana biti inapotoka husukuma vijimeno vya chuma kuelekea huko. Usipime kwa kidole kitupu. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya tundu na ukizungushe: uzi ukinasa, rudi kwenye tupa.

Kisha fagia reli ya chini. Vipande vya chuma vilivyodondoka humo vina makali yaleyale ya ukingo uliotoka kuupiga tupa, na kebo ikija kulala juu yake umerudi mwanzo.

Hatua ya 4: Bushi kwanza, kebo baadaye

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuta nyingi huharibikia.

Bushi ni pete ya plastiki inayoingia kwenye tundu na kufunika ukingo wa bati pande zote mbili. Kila tundu litakalopitisha kebo lazima liwe nayo, pamoja na yale ya kiwandani ambayo ukingo wake unaonekana laini. Nayo huingia kabla ya kebo. Kanuni za umeme za Marekani zinalisema hilo waziwazi kwa kebo zenye koti lisilo la chuma, na sababu yake ni ya kivitendo: jeraha kubwa hutokea wakati wa kuvuta, kebo inapoburuzwa juu ya ukingo mita kwa mita. Ukiweka bushi baadaye umeifunika kebo iliyokwisha kuchanwa.

Niliwahi kufungua ukuta ambao breka yake ilikuwa ikijikata kila wakati wa mvua. Nilifuata kebo nguzo baada ya nguzo. Kwenye nguzo ya tatu nilikuta koti jeupe limechanika kwa urefu wa kucha, mpasuko mwembamba kiasi kwamba niliupita mara ya kwanza. Nilipoupinda ukafunguka, na ndani shaba ilikuwa na kidoa cheusi kama kichwa cha pini. Pale pembeni ya tundu palikuwa pamezungushwa utepe wa kuhami badala ya bushi. Bati lilikuwa limeukata utepe kabla ya kuifikia kebo.

Kwa hiyo utepe hautoshi, wala kipande cha mpira kilichokatwa kwa kisu, wala povu. Mlango ukibamizwa ukuta hutikisika, na kebo hupanuka na kusinyaa kadiri mzigo wa umeme unavyopanda na kushuka. Msuguano huo ni mdogo lakini hauna likizo.

Sukuma bushi hadi usikie mlio wa kujifunga. Ivute kwa kidole gumba kutoka upande wa pili. Ikitoka, si saizi yake. Kwa kebo iliyokwisha kupitishwa ambayo huwezi kuivuta nyuma, kuna bushi zenye mpasuko zinazofunguka na kuizunguka kebo, lakini ikague kebo kwanza kwa urefu wote unaoweza kuufikia.

Kebo yenye deraya ya chuma au iliyo ndani ya bomba inalindwa na ganda lake. Pale ganda hilo linapoishia, bado panahitaji bushi.

Hatua ya 5: Funga maboksi

Uso wa boksi ulingane na uso wa bodi, si wa nguzo. Chukua kipande cha bodi utakayotumia, mara nyingi ya milimita 12.5, kishike juu ya nguzo na usogeze boksi hadi vilingane. Boksi likizama ndani, skrubu za soketi hazitafika. Likitokeza, bodi itapasuka pembeni yake.

Lifunge kwenye mgongo wa nguzo. Upande wa midomo hulegea ukisukumwa, na soketi iliyo pale itacheza kila mtu anapochomoa plagi. Skrubu isiache ncha kali ndani ya boksi. Tundu la kuingizia kebo nalo liwe na bushi au kibano chake.

Kama kuna boksi upande wa pili wa ukuta, yasipeane mgongo. Yaweke kwenye nafasi tofauti kati ya nguzo. Sauti hupita hapo, na moto pia.

Hatua ya 6: Vuta kebo

Fanyeni wawili. Mmoja anafungua kebo kutoka kwenye roli inayozunguka, mwingine anaipokea nguzo kwa nguzo. Ukichomoa mizunguko kwa upande bila kuzungusha roli, kebo inajisokota na kila msokoto utakwama kwenye bushi. Ikikwama, usiongeze nguvu. Rudi uone imekwamia wapi, kwa kuwa nguvu ya ziada ndiyo inayong'oa bushi na kuiburuza kebo juu ya bati.

Kona iwe ya mviringo, nusu kipenyo chake kisipungue mara tano ya upana wa kebo.

Laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) za saketi moja zipite tundu moja, daima. Zikiwa pamoja, nguvu za sumaku zinazozunguka nyaya hizo hufutana. Laivu ikipita tundu lake na nyutro yake tundu jingine, chuma kilicho katikati hupata mkondo wa kuzunguka na kuwa na joto. Ndani ya kebo yenye koti, nyaya hizo hupita pamoja zenyewe. Kwa nyaya moja moja kwenye mabomba ndiko watu hukosea.

Acha angalau milimita 150 za kebo ndani ya kila boksi, na uandike kwenye koti inatoka wapi na inaenda wapi. Ukisimama kando na kuitazama, kebo inayofaa imelala ndani ya bushi bila kukazwa kama uzi wa gitaa na bila kuning'inia.

Hatua ya 7: Ishike kebo mahali pake

Kishikizo cha kwanza kiwe ndani ya milimita 300 kutoka kwenye boksi, kisha visiachane kwa zaidi ya mita 1.4. Kebo ya mlalo inayopita kwenye bushi za nguzo zilizo umbali wa milimita 400 au 600 imekwisha kushikwa na bushi hizo.

Kebo ya wima ndiyo inayohitaji macho. Mkono hutaka kuificha kwenye kona ya ndani ya nguzo, nyuma ya bawa, kwa kuwa inakaa vizuri na inaonekana nadhifu. Hapo ndipo skrubu za bodi zinapoingilia. Skrubu ya milimita 25 kwenye bodi ya milimita 12.5 huacha kama milimita 12 za ncha ndani ya nguzo, na fundi wa bodi atapiga nyingi kutoka juu hadi chini bila kuona kilichopo. Ishike kebo katikati ya mgongo.

Kamba ya plastiki isikazwe hadi kuiumiza kebo. Baada ya kuifunga, ujaribu kuisogeza kebo kwa vidole viwili: iteleze kidogo.

Hatua ya 8: Mabamba ya kinga

Pima kutoka kwenye kebo hadi uso wa nguzo, pande zote mbili. Kanuni za Marekani zinataka milimita 32 au zaidi, la sivyo bamba la chuma. Za Uingereza huangalia milimita 50 kutoka kwenye uso wa ukuta.

Sasa fanya hesabu ya nguzo yako. Nguzo ya milimita 50 ina milimita 25 tu hadi katikati, kwa hiyo hata ukitoboa katikati kabisa kebo iko hatarini pande zote mbili. Weka mabamba mbele na nyuma kwenye kila nguzo, au pitisha kebo kwenye bomba la chuma. Nguzo ya milimita 92 ina 46 hadi katikati, na kebo ya kawaida inapata nafasi yake kwa kipimo cha milimita 32.

Usiseme kwamba nguzo yenyewe ni chuma na itazuia skrubu. Skrubu ya bodi imetengenezwa ili ilitoboe bati hilo, na inalitoboa kwa sekunde moja.

Pamoja na mabamba, saketi iwe na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha majaribio chenye herufi T. Uingereza inaitaka kwa kebo zilizofichwa kwenye kuta za fremu ya chuma kwa kina chochote. Binafsi siachi ukuta wa chuma bila hiyo, popote.

Hatua ya 9: Pima kabla ya bodi

Kebo isiwe imeunganishwa popote. Taa, dima na soketi zenye chaji za simu ziwe zimetolewa, maana volti 500 zitaviua vifaa hivyo.

1. Kwa malti mita, hakikisha kila waya unafika mwisho wake: laivu, nyutro, ethi.
2. Kwa mita ya insulesheni, volti 500, pima laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Chini ya megaomu 1 hairuhusiwi. Kebo mpya ya umbali mfupi huonyesha mamia ya megaomu, kwa hiyo ukiona 3 au 5 usifurahi, tafuta sababu.
3. Sasa kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Unganisha laivu, nyutro na ethi pamoja, na upime kati yao na fremu ya ukuta yenyewe. Kwangua rangi au kutu kwanza ili ncha ya mita iguse chuma kitupu. Kama boksi ni la chuma, ethi isiwe imefungwa humo wakati huu, kwa kuwa boksi limekaa kwenye fremu na utapata jibu la uongo.

Kipimo cha tatu kikishuka, mwenzako aitikise kebo taratibu kwenye nguzo moja baada ya nyingine huku wewe ukitazama mita. Namba itaruka penye jeraha.

Andika namba zote. Piga picha ukuta mzima ukiwa umeweka futi wazi ndani ya picha, uhifadhi.

Hatua ya 10: Funga bodi, kisha pima tena

Kwenye sakafu, chini ya kila nguzo yenye kebo ya wima, weka alama ya kalamu kabla bodi haijaifunika. Mwonyeshe anayefunga bodi alama hizo na mwombe atumie skrubu za urefu uleule, asichanganye na ndefu zilizobaki kwenye kazi nyingine.

Bodi zikishafungwa, kabla ya kuziba viungo na kupaka rangi, rudia vipimo 2 na 3. Linganisha na ulizoandika. Kama zamani ilikuwa mamia na leo ni sifuri nukta, skrubu imeingia. Chomoa skrubu moja moja kwenye mstari wa kebo hiyo ukitazama mita, utaipata. Bodi moja itafunguliwa na kebo itabadilishwa; usiizungushie utepe na kuifunga tena. Dakika ishirini za kipimo hiki ndizo zinazomwokoa mwenye nyumba na kubomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Kama ukuta tayari umefungwa

Tafuta nguzo kwa sumaku ndogo, itashika kwenye vichwa vya skrubu. Ndani ya nafasi moja kati ya nguzo mbili, kebo inaweza kushuka kutoka juu: toboa reli ya juu, weka bushi, teremsha springi ya kuvutia na uipokee kwenye tundu la boksi. Mbinu ya kuteremsha sumaku kwenye mnyororo haifai hapa kama inavyofaa kwenye mbao, kwa kuwa itajibandika kwenye kila nguzo.

Kuvuka nguzo kwa kubahatisha, kwa biti ndefu inayopinda, sikushauri kabisa. Huwezi kupiga tupa ukingo usioufikia, wala kuweka bushi usipoona. Badala yake kata ukanda wa bodi wa milimita 150 kwa mlalo, kuanzia nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, fanya hatua ya 3 hadi ya 9 kwa macho yako, kisha rudisha ukanda uleule na uzibe viungo. Kabla ya kukata, weka kina cha kisu au msumeno kisizidi unene wa bodi, kwa sababu huenda kebo ya zamani inapita palepale unapotaka kupitisha yako.